Pini za Bunduki ya Mkwe

Mpaka leo nikikatiza soko la Kashaulili hapa Mpanda asubuhi, lazima atokee mtu aliyekalia gunia la mchele au anayepanga nyanya zake mafungu, aniulize: "Fundi, pini zipo?" Wengine huuliza kwa kunipenda. Wengine huuliza kwa sababu mimi mwenyewe, kabla ya mambo haya, sikuwa mtu wa kumsamehe mwenzangu kosa la kazi. Nacheka, najibu kwamba zipo, napita. Nikishavuka maduka ya vitenge uso bado unawaka.

Mimi ni fundi wa bunduki. Leseni ninayo, karakana ninayo, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na kazi yangu kubwa ni bunduki kuukuu za mitutu miwili, zile ambazo mitutu imelala ubavu kwa ubavu. Huku kwetu zipo nyingi kuliko mgeni anavyodhani. Zilikuwa za wazee waliolinda mashamba na wengine waliowinda kwa kibali. Chuma chake hakifi upesi. Kinachokufa ni mbao. Kitako hupasuka shingoni, pale mkono unaposhika, kwa sababu bunduki iliangushwa, au iliegemezwa juani kiangazi kizima, au mtu aliigeuza rungu. Mimi huchonga kitako kipya cha mninga. Nikiona mwenyewe ameichoka, hununua, tunaenda polisi kubadilisha umiliki, kisha huitengeneza na kumtafuta mkulima mwenye kibali anayesumbuliwa na nyani.

Ila sikuwa najua kununua bunduki bila kuitukana kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yangu. Naigonga kitako kwa kifundo cha kidole, nasikiliza, namuuliza mwenyewe: "Hii ni mbao au muhogo?" Naangalia mitutu, naguna. Mwisho nachukua ganda tupu la risasi, pale penye fataki nasindilia sabuni ya kufulia, natia ganda ndani, nafunga, navuta triga. Pini, yaani kile kijichuma chembamba kinachogonga fataki mpaka risasi ilie, ikiwa nzima huacha kishimo kwenye sabuni. Ikiwa mbovu, sabuni inabaki laini, na mimi namwonyesha mwenye bunduki mbele ya watu. Nilishamwonyesha mfanyabiashara mmoja wa mpunga wa Kibaoni, mtu mzima na kanzu yake, mpaka akaondoka bila kuaga. Nilijisifu kwa hilo wiki nzima.

Basi siku moja alikuja mkwe wangu, baba wa mke wangu, kutoka Kabungu, na bunduki yake imefungwa ndani ya gunia na karatasi zake zote za umiliki ziko mfukoni.

Kabungu nzima wanamjua mzee yule kama mlinzi wa mashamba. Mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori wanashuka, nyani wanashuka, na yeye ndiye aliyekuwa akikesha na kushinda pembeni mwa mashamba na bunduki yake begani. Watu wakivuna, kila kaya ilimpelekea mahindi yake kwa shukrani. Na nyumbani kwangu alikuwa na sifa nyingine zaidi. Mke wangu alipokuwa msichana mdogo alienda kuokota uyoga kando ya shamba, akatokewa na nguruwe, na baba yake akafyatua bunduki na kumfukuza. Wanangu waliijua hadithi hiyo kabla hawajajua kuhesabu. Mama yao alipokuwa akiisimulia, alikuwa anaigiza nguruwe anavyokoroma, halafu anapiga makofi mara moja, pa!

Mzee akakaa, nikamwamkia, akanipa habari za nyumbani moja baada ya nyingine, kisha akafungua gunia.

"Mkwe," alisema, "nimekuletea hii uinunue. Mimi mikono imechoka. Na wale vijana wangu kila mmoja anaitaka, watakuja kugombana."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Shingo ya kitako ilikuwa imepasuka, ufa mrefu unaokimbilia kwenye chuma, na juu yake ilikuwa imevalishwa ngozi ya mkia wa kenge. Wazee wetu walikuwa wakifanya hivyo. Unachuna mkia wote kama soksi, unauvisha kitakoni ungali mbichi, na ukikauka unabana kuliko waya. Yake ilikuwa imekaa miaka mingi mpaka inang'aa kama ukindu uliopakwa mafuta. Kama ingekuwa bunduki ya mtu mwingine ningesema amekivisha kitako kisije kikapata baridi.

Lakini kwa mkwe husemi. Watu wa ukweni kwangu wana adabu yao, na mimi nimeishika tangu siku nilipopeleka posa: kitu cha baba mkwe hakikaguliwi mbele yake, na bei yake haipunguzwi. Ukianza kuchungulia, umemwambia kwamba hukuamini mkono uliokupa mke. Nikaikunja bunduki, nikaitazama mitutu kwenye mwanga, nikaona ni misafi ajabu kwa bunduki ya kazi. Nikaifunga. Kipande cha sabuni kilikuwa pale pale juu ya meza, na ganda tupu kando yake.

"Baba, hii ni bunduki ya heshima," nikasema.

Alitaja bei yake, nikakubali hapo hapo. Akawa anaitazama ile sabuni. Alikuwa ameshasikia habari zake, nani Mpanda hakuzisikia?

"Hutaijaribu?" akaniuliza.

Na mimi, nikiwa nimejaa adabu zangu mpaka kooni, nikajibu: "Baba, nimjaribu nani? Nikujaribu wewe?"

Akainamisha macho. Nilidhani amefurahi. Mke wangu akaleta kuku na wali, tukanawa, nikala nikiwa na raha ya mtu aliyejiona mkwe mwema kuliko wakwe wote.

Kesho yake tukaenda kituoni kwa ajili ya kubadilisha umiliki. Askari anayeshughulikia silaha ni mtu wa taratibu. Kabla hajaandika chochote hutaka bunduki ilie mitutu yote miwili mbele yake, kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa udongo kule nyuma. Siku hiyo palikuwa na watu kadhaa wamekuja na silaha zao, wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zamu. Mfanyabiashara wa Kibaoni alikuwa mmoja wao. Mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimeshaanza maneno. Kuna bwana alikuwa na bunduki iliyofungwa kitako kwa mpira wa baiskeli, nikamuuliza kama ina breki. Watu wakacheka. Zamu yetu ikafika, nikatia risasi mbili, nikaiweka bunduki begani kwa madaha, nikavuta triga ya kwanza.

Tik.

Nikavuta ya pili. Tik.

Nikasubiri, kama inavyotakiwa, kisha nikakunja bunduki na kutoa risasi. Fataki zake zilikuwa laini kabisa, bila hata alama. Nikatazama vile vitundu viwili ambamo pini hutokeza. Vilikuwa vitupu, vyeusi, vinanitazama.

Nikageuka. Mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na uzio, kofia yake ameivua ameishika kifuani. Nilipomwona usoni nilijua kwamba yeye alikuwa anajua. Hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Nitasema kilichonipata, maana ndicho kinachonitia haya kuliko vicheko vyote vya sokoni. Nilipandwa na hasira. Niliona jina langu linaanguka mbele ya watu niliowacheka, na aliyeliangusha ni mzee aliyekula kuku wangu jana. Nikafungua kinywa, na neno lililotoka kwa sauti kubwa lilikuwa: "Huyu mzee—"

Watu wote wakamgeukia. Naye akaishusha kofia, akanisubiri nimalize.

"Huyu mzee," nikaendelea, sijui sauti niliitoa wapi, "alinipa bunduki yake nzima. Mimi jana nimezitoa pini kuzisafisha, nikazisahau mezani."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Yule bwana wa mpira wa baiskeli alijipiga mapaja. Askari akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Fundi gani wewe? Nenda kazilete, urudi kesho." Mfanyabiashara wa Kibaoni alisubiri vicheko vitulie, akarekebisha kanzu yake, akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, leo sabuni ilikuishia?"

Tulirudi kwa miguu, mimi mbele na mzee nyuma. Sikumsubiri. Hata kama maneno yangu ya mwisho yalimsitiri, ya kwanza alikuwa ameyasikia, na wote wawili tulijua yalikuwa yanaelekea wapi.

Karakanani nikafunga mlango, nikafungua misumari ya parafujo, nikakitoa kitako kwenye chuma. Pini zilikuwamo. Zilikuwa zimekatwa ncha na kusuguliwa kwa tupa, taratibu, mpaka zikawa bapa kama vichwa vya misumari. Kutu iliyokuwa juu yake ilikuwa ya zamani sana. Ile haikuwa bunduki iliyoharibika. Mtu alikaa chini akaiua.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda changu cha wateja.

"Ni mimi," alisema. "Mwenzio alipokuwa mdogo."

Akanieleza, akitazama takataka za mbao sakafuni. Mvua zilikuwa zimenyesha, mahindi yalikuwa marefu. Alisikia kitu kinatembea ndani ya shamba, akaona mabua yanatikisika karibu na ardhi kama yanavyotikiswa na nguruwe. Akafyatua. Moshi ulipopungua, akasimama binti yake na kikapu cha uyoga. Kikapu kilikuwa kimetoboka. Yeye alisimama tu, anamtazama baba yake, hakulia.

"Nilimgeuza huku na huku, gauni limelowa tope tupu, damu sikuiona. Nilimkosa, Mungu ni mkubwa. Nikaikamata bunduki kwa mitutu, nikaipiga kwenye kisiki. Ndiyo ufa huo. Nilitaka ivunjike kabisa, haikuvunjika. Tulipofika nyumbani mtoto akamwambia mama yake, baba kanifukuzia nguruwe. Watu wakaja kunipongeza. Mimi nikanyamaza, mkwe. Siku ya pili nikachukua tupa."

"Na nguruwe miaka yote hii ulikuwa unawafukuza na nini?"

"Napiga debe, napiga kelele. Nguruwe hajui kama bunduki ina pini."

Hakusema kwa mzaha, na mimi sikucheka. Nilifikiria mahindi ya kila kaya, kila mwaka, na nikaona wazi kwamba mashamba yalikuwa yamelindwa kweli. Lakini Kabungu wasingeona hivyo. Wangesema mzee alikuwa anabeba mwiko wa ugali. Na hilo lenyewe si lililomtia hofu. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aniozeshe, akasema: "Ya kijijini waseme mengi, nitayavumilia. Ila yeye anajua nilimwokoa. Usimwambie. Nife akijua hivyo."

Nikaapa. Nikamwambia pia anisamehe kwa lile neno la uwanjani. Akasema hakusikia neno lolote, na huo ulikuwa uongo wa kunisitiri mimi, maana zamu yake ilikuwa imefika.

Nilichonga pini mbili mpya kwa chuma cha keekee ya kutobolea iliyovunjika, nikazifanyia mtihani wa sabuni, na kesho yake bunduki ikalia mitutu yote miwili. Mlio wa kwanza ulipotoka nilimwona mzee kule kwenye uzio amegeuka, ametupa mgongo, mikono masikioni. Watu walidhani ni uzee.

Nyumbani nako, jioni ya siku ile ya vicheko, sikupona. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Fundi mzima!" mke wangu alisema, huku anasonga ugali kwa hasira. "Mbele ya baba yangu! Bunduki iliyoniokoa na nguruwe, wewe unaipeleka polisi kama fimbo ya kuchungia! Baba angalau alikuwa anajua kushika bunduki."

Mzee alikuwa nje anaosha miguu, anasikia kila neno. Mimi nikaomba msamaha. Nilimwomba mke wangu msamaha kwa kosa lisilo langu, na aibu niliyoisikia ilikuwa ya kweli kabisa, sijui niieleze vipi. Labda ni kwa sababu moyoni nilikuwa najipenda. Nilikuwa najiona shahidi aliyebeba mzigo wa watu wawili, na mmoja wao hata hajui.

Bunduki nikaivisha kitako cha mninga, ikaenda kwa mkulima mmoja. Kitako cha zamani nilitaka kukitupa jikoni, lakini mke wangu akakidai. Akakisugua kwa mafuta ya mawese pamoja na ile ngozi ya kenge, akakitundika ukutani sebuleni, juu ya kiti changu. Kila mgeni akija anasimuliwa nguruwe, na akimaliza kusimuliwa nguruwe, anasimuliwa pini.

Baada ya mavuno mkwe wangu akaja kututembelea. Alichagua kukaa kwenye mkeka, ameupa ukuta ule mgongo. Watoto wakamzunguka, na yule mdogo, asiyeshiba maswali, akauliza: "Babu, nguruwe mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mzee akaangalia mikono yake. Nikaona anazama, nikaingilia kati. Nikasema alikuwa dume, mkubwa kama ndama. Nikasema alikuwa na meno yamejikunja mpaka karibu na macho, na jicho moja lilikuwa na kovu. Nikasimama kabisa, nikaonyesha alivyotoka kwenye mahindi na alivyogeuka risasi ilipolia. Nilisimulia vizuri, nakiri, na nilipokaa chini nilikuwa natweta.

Mke wangu hakuwa ananiangalia kwa hasira wala kwa kicheko. Aliniangalia tu, muda mrefu.

Mchana ule ule, mzee akiwa amejilaza kivulini nje, mke wangu aliniita nyuma ya nyumba nimsaidie kupukuchua mahindi. Tulipukuchua mpaka ungo ukakaribia kujaa.

"Huyo nguruwe," akasema, "wewe ulimwona wapi?"

Nikasema: "Si wewe unayesimulia kila siku?"

"Mimi sijawahi kusema ana meno. Sijawahi kusema ana kovu. Mtu anayejua nguruwe yupo hana haja ya kumwongezea meno." Akaendelea kupukuchua. "Zile pini hukuzisahau. Wewe husahau siku niliyozaliwa, husahau chumvi, lakini chuma hujawahi kusahau. Nilijua tangu siku ile. Nilikugombeza ili baba asikie nimeamini."

Nilitazama mikono yangu kama babu yao alivyotazama ya kwake.

Akafuta vumbi la mahindi, akageuka, akashusha kanga kidogo begani, akaichukua mikono yangu hii, akakiweka kidole changu nyuma ya bega lake la kushoto. Pana kijivimbe pale, kigumu, kidogo kama punje ya mtama. Nakijua tangu tulipooana. Aliniambia ni mwiba uliozama utotoni, na mimi niliamini. Nimekipitishia mkono kila siku ya ndoa yetu, mimi ninayeweza kusikia ufa wa mbao kwa kifundo cha kidole.

"Haya, fundi," akasema. "Hii nini?"

Mara hii nilikishika kama ninavyoshika kitu cha kazi. Kilikuwa mviringo, kikiteleza chini ya ngozi. Ilikuwa risau, kipunje kimoja cha risasi za ndege, na ningeweza kukutajia hata ukubwa wake.

"Alikuwa anaipiga bunduki kwenye kisiki huku analia," mke wangu akasema. "Sijawahi kumwona baba analia. Nikafikiri, nikisema inauma atajiua. Nikamtafutia nguruwe."

Niliona haya mbele yake kuliko nilivyowahi kuona haya mbele ya mtu yeyote. Mimi nilijisifu kimoyomoyo kwa mzigo wa miezi michache na vicheko vya sokoni. Yeye alikuwa mtoto mwenye kikapu kilichotoboka, damu inamchuruzika ndani ya gauni, na alifika nyumbani anaigiza nguruwe.

Akapandisha kanga. "Usimwambie baba," akasema.

Mzee akaita kutoka mbele, anaomba maji ya kunawa. Tukaitikia wote wawili kwa pamoja, na mke wangu akaniachia mimi nimpelekee.